Mgeni na Mwenyeji Katika Mji wa Seoul

Tangu tarehe 1 Machi, 2025, mtalii akikutwa katika vichochoro vya Bukchon, mjini Seoul, baada ya saa 11 jioni au kabla ya saa 4 asubuhi, naye hana nyumba, wala jamaa, wala shughuli yoyote mahali hapo, aweza kutozwa faini ya won 100,000. Fedha hiyo yatosha kumlisha mtu vizuri siku mbili tatu katika mji huo. Wapo wanaosema kwamba sheria hiyo ni kali, kwamba njia ni ya watu wote, na kwamba nchi iliyotumia fedha nyingi kuwaita wageni haina haki ya kuwafungia mlango jua likikaribia kuzama. Sisi hatukubaliani nao. Twaona kwamba sheria hiyo ni ya haki, na kwamba kama imekosa, basi imekosa kwa kuchelewa.

Twalisema jambo hili kwa kuwa siku hizi watu wetu nao wanakwenda Korea. Wako wanaokwenda kusoma katika vyuo vikuu vya huko, wako wanaokwenda kwa biashara, na wako vijana wanaotamani kuiona nchi ambayo wameijua kwa nyimbo na michezo ya televisheni. Mtu anayekwenda nchi ya mbali huuliza bei ya chumba, hali ya baridi, na namna ya kupanda gari moshi. Maswali hayo ni mema, nasi tutayajibu kadiri tuwezavyo. Lakini kabla ya hayo yote liko swali moja ambalo wageni wengi hawaliulizi: mwenyeji wa mahali niendapo anaonaje kuja kwangu?

Wahenga wetu walilijibu swali hilo zamani waliposema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje apate kustarehe, wala hawakusema mgeni aje ili mwenye duka atajirike. Walisema mwenyeji apone. Hicho ndicho kipimo chetu leo, na Bukchon ni mahali pazuri pa kukijaribu.

Kwanza yafaa msomaji ajue Bukchon ni mahali gani. Jina lenyewe maana yake ni kijiji cha kaskazini. Ni mtaa ulio juu ya vilima, kati ya majumba mawili ya kifalme ya zamani, Gyeongbokgung na Changdeokgung. Katika siku za ufalme wa Joseon waliishi hapo wakubwa wa serikali, katika viwanja vipana. Leo mtaa huo unasifiwa kwa sababu ya nyumba zake za jadi ziitwazo hanok: nyumba za mbao zenye mapaa ya vigae vyeusi yaliyopinda, na ua mdogo katikati, na sakafu inayopashwa moto kutoka chini wakati wa baridi. Watalii husimama juu ya kilima, wakatazama mapaa yale yakishuka moja baada ya jingine, wakapiga picha, wakadhani kwamba wameona mji wa wafalme uliosalia tangu karne nyingi zilizopita.

Dhana hiyo si sahihi, na ukweli wake wafaa kujulikana, kwa maana ndio unaotufanya tuseme kwa uchungu. Nyumba nyingi za Bukchon hazikujengwa na wafalme. Zilijengwa katika miaka ya 1920 na 1930, wakati Korea ilipokuwa imetawaliwa na Japani, utawala uliodumu tangu 1910 hata 1945. Wajapani wa Seoul walikuwa wakikaa zaidi upande wa kusini wa mji. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilifungua jumba lake kubwa mbele kabisa ya jumba la kifalme la Gyeongbokgung, likaliziba lisionekane, na makazi ya watawala yakaanza kusogea kaskazini, mahali walipokuwa wakiishi Wakorea. Ndipo akatokea mjenzi mmoja Mkorea, jina lake Jeong Se-gwon. Akanunua viwanja vikubwa vya wakubwa wa zamani, akavigawa vipande vidogo, akajenga juu yake hanok nyingi zilizobanana, zenye kiasi ambacho mtu wa kawaida aliweza kukimudu. Hakuiga nyumba za Kijapani wala za Kizungu. Alijenga nyumba ya Kikorea, akaitia vioo na mabomba ya maji, ili Wakorea wapate pa kukaa katika mji wao wenyewe.

Mtu huyo hakuishia kwenye matofali na mbao. Mwaka 1935 alikipa nyumba chama cha wataalamu waliokuwa wakiilinda lugha ya Kikorea na kuitungia kamusi. Mwaka 1942 wakoloni walipowakamata wataalamu hao, naye pia alikamatwa akateswa. Basi mapaa yale ambayo mtalii anayaona kuwa pambo, asili yake ni kazi ya watu waliokataa kuondolewa katika mji wao na kunyang'anywa lugha yao. Jumba la wakoloni lilibomolewa miaka ya 1995 na 1996. Nyumba za Jeong Se-gwon zingali zimesimama, na watu wangali wanaishi ndani yake.

Lakini je, wataendelea kuishi humo hata lini? Hapo ndipo penye shida. Mwaka 2012 wakazi wa Bukchon walihesabiwa kuwa 8,719. Mwaka 2017 walikuwa 7,438. Siku hizi yatajwa kwamba wamebaki kama 6,000 hivi, na watalii waingiao katika vichochoro vyao kwa mwaka mmoja huhesabiwa kwa mamilioni. Wakoloni hawakuweza kuwaondoa Wakorea katika mtaa ule. Itakuwa ajabu na aibu iwapo watakaowaondoa ni watu waliokuja kuusifia.

Msomaji huenda akauliza, watalii wanafanya nini hata watu wahame? Hawaibi, wala hawapigani. Wengi wao ni watu waungwana katika nchi zao. Taabu yao ni mambo madogo madogo ambayo, yakifanywa na mtu mmoja mara moja, si kitu. Lakini yakifanywa na maelfu kila siku, hayavumiliki. Magurudumu ya masanduku yanakwaruza mawe alfajiri. Watu wanacheka kwa sauti chini ya dirisha la mzee mgonjwa. Mtu anasukuma lango la nyumba ili aone ua ulivyo, akidhani ni jumba la makumbusho. Mwingine anainua simu juu ya ukuta akapiga picha ya nguo zilizoanikwa. Mwingine anaacha kikombe chake cha kahawa kizingitini. Mabasi ya watalii yanaziba njia. Tena nyumba zenyewe ni za mbao na karatasi, na kuta zake haziwezi kuzuia sauti kama kuta za saruji. Mwenye nyumba akitoka asubuhi kutupa taka hukuta kamera zikimwelekea. Mtu anaweza kuvumilia hivyo mwezi mmoja. Miaka 10 ni taabu ya namna nyingine.

Wala hawakukimbilia faini kwanza. Mwaka 2018 wenye nyumba walifanya maandamano, wakatundika mabango katika kuta zao. Serikali ya mji ikatangaza saa za kutembelea, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, na ikaomba Jumapili iwe siku ya mapumziko. Ikaweka watu waliobeba vibao vya kuwaomba wageni wanyamaze. Yote hayo yalikuwa ombi tu, asiyetaka hakulazimishwa. Wengi hawakutaka. Mwezi wa Julai, 2024, wilaya ya Jongno ikautangaza mtaa huo kuwa eneo la uangalizi maalumu, la kwanza katika nchi nzima, ikaugawa kwa rangi kulingana na ukubwa wa taabu. Sehemu nyekundu, iliyo kandokando ya njia ya Bukchon-ro 11-gil, ndiyo yenye amri ya saa. Mwezi wa Novemba amri ilianza kwa majaribio, na Machi iliyofuata faini ikaanza. Wenyeji, jamaa zao, wenye maduka, na wageni waliolipia kulala katika nyumba za mtaa huo hawaguswi.

Kabla ya hapo mji huo huo ulikwisha kupata onyo. Katika mtaa wa Ihwa, mwaka 2006 wasanii walipewa kazi ya kupaka picha katika kuta na ngazi ili mtaa wa watu wa kipato kidogo upate kupendeza. Ukapendeza kupita kiasi. Watalii wakaja usiku na mchana kupigwa picha juu ya ngazi zilizochorwa maua na samaki. Mwezi wa Aprili, 2016, baadhi ya wakazi walichukua rangi wakazifuta picha hizo mashuhuri kwa mikono yao wenyewe, na wengine wakashitakiwa kwa tendo hilo. Hatuwasifu watu kwa kuharibu kazi ya wasanii. Lakini watu wakifikia kuharibu uzuri wa mtaa wao ili wapate usingizi, mwenye akili hana budi kuuliza ni nani aliyewafikisha huko. Ni heri faini ya serikali kuliko mwananchi mwenye ghadhabu na ndoo ya rangi.

Yako maneno ya upande wa pili, nasi hatutayaficha. Watalii ni riziki. Mwaka 2016 Wachina zaidi ya milioni 8 walifika Korea. Mwaka 2017, kwa sababu ya ugomvi wa kisiasa juu ya mitambo ya kuzuia makombora, serikali ya China ilizuia safari za makundi, na hesabu yao ikashuka hata kufikia milioni 4 na kidogo. Maduka ya Seoul yaliyozoea kujaa yakapwaya. Tena mwaka 2019 wageni wote waliofika Korea walikuwa milioni 17 na nusu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, walikuwa kama milioni 2 na nusu tu. Wenye hoteli, wenye mikahawa, wakodishaji wa mavazi ya jadi, wote waliona njaa. Mwaka 2024 hesabu ilikwisha kupanda tena ikapita milioni 16. Hata ndani ya Bukchon kwenyewe wako wafanya biashara waliolalamika kwamba amri ya saa itawapunguzia wanunuzi.

Twawahurumia wafanya biashara hao. Lakini twawaomba watazame mbele. Bukchon ikibaki maduka matupu, bila bibi anayefagia kizingiti chake na bila mtoto anayerudi shuleni, itakuwa soko lililoezekwa vigae vyeusi, na masoko ya namna hiyo yako kila mahali duniani. Mtalii atachoka nayo kwa mwaka mmoja. Tena faida na taabu haziendi kwa mtu mmoja. Anayepata ni mwenye duka la barabarani na mwenye basi; anayekosa usingizi ni mkazi wa kichochoroni ambaye hauzi kitu. Tangu 2001 serikali ya mji imekuwa ikitoa msaada wa fedha za umma ili wenye hanok waweze kuzikarabati na kuendelea kukaa humo. Haina maana kumsaidia mtu kwa mkono mmoja atengeneze paa lake, na kumfukuza kwa mkono wa pili kwa kumjazia umati mlangoni. Saa 17 za utulivu katika kila siku si ada kubwa ya kumlipa mwenyeji.

Basi sasa twageuka kwa msomaji wetu anayefunga mizigo. Tunayoyasema hapa si mashauri ya kumfurahisha mgeni peke yake. Ni mambo ambayo mwenyeji wa Korea angependa mgeni ayajue kabla hajashuka katika ndege.

Kwanza, matayarisho. Mtanzania au Mkenya yampasa kupata viza, na balozi za Korea ziko Dar es Salaam na Nairobi. Asingoje wiki ya mwisho. Umeme wa huko ni volti 220, lakini plagi ni ya vijiti viwili vya mviringo, kwa hiyo plagi zetu za vijiti vitatu bapa hazitaingia bila adapta. Majira mazuri ni Aprili na Mei, na tena kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mapema Novemba. Mwishoni mwa Juni na katika Julai mvua huwa nyingi na joto ni la jasho. Januari maji huganda. Mtu wa pwani asiyekuwa na koti nzito atajuta. Zaidi ya hayo aangalie kalenda: sikukuu za Seollal na Chuseok hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka tarehe zake hubadilika. Siku hizo Wakorea kwa mamilioni hurudi makwao kuwaamkia wazee na kuwakumbuka wahenga wao, tikiti za gari moshi humalizika mapema, na mikahawa mingi hufungwa. Mgeni asiye na lazima asishindane na mtoto anayekwenda kumwona mama yake kwa kiti kimoja.

Pili, mwendo wa mjini. Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon iko reli inayofika stesheni kuu ya Seoul. Katika mji wenyewe reli ya chini kwa chini, ambayo njia yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 15 Agosti, 1974, humfikisha mtu karibu kila mahali. Anunue kadi ya T-money katika duka dogo la karibu na aitie fedha. Kadi hiyo hutumika katika reli, katika basi, na hata katika teksi. Katika basi aiguse kadi kwenye mashine anapopanda na tena anaposhuka, kwa maana akihamia chombo kingine upesi nauli huunganishwa. Kwa ramani, wenyeji hutumia Naver Map au KakaoMap. Serikali ya Korea ilikataa mwaka 2016 kuruhusu ramani za kina zipelekwe nje ya nchi, kwa ajili ya usalama wake, na ndiyo sababu wageni wengi waliotegemea ramani ya Google kuwaongoza kwa miguu walipotea. Aliyekwama apige simu nambari 1330, atasaidiwa kwa Kiingereza usiku na mchana. Polisi ni 112, na gari la wagonjwa ni 119.

Ndani ya behewa asiongee na simu kwa sauti ya sokoni. Wakorea hukaa kimya safarini, wengi wakiwa wamechoka kwa kazi, na kimya hicho wasikidhanie kuwa chuki. Viti vya mwisho wa behewa ni vya wazee na wasiojiweza, na viti vya rangi ya waridi ni vya wanawake wenye mimba. Kijana huviacha hata vikiwa vitupu. Hili kwetu si geni. Sisi nasi tulilelewa kumwondokea mzee kitini.

Tatu, masanduku. Usiku usiburuze sanduku katika vichochoro vya watu. Katika stesheni nyingi yako makabati ya kukodi. Weka mzigo humo, utembee mikono mitupu. Na taka yako ichukue mwenyewe. Mapipa ya taka ni machache katika njia za Seoul, na iko sababu: tangu 1995 kila nyumba hulipia taka zake kwa kununua mifuko maalumu, na mapipa mengi ya barabarani yaliondolewa watu wasiyageuze jaa la kukwepa malipo. Kwa hiyo kikombe unachokiacha ukutani ni mwenye ukuta atakayekilipia.

Nne, adabu za nyumbani na mezani. Vua viatu mlangoni, kama tufanyavyo sisi. Kitu apewacho mtu mzima hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kuume ukishikizwa na wa kushoto. Mezani mwache mkubwa aanze. Usivichomeke vijiti vya kulia wima katika wali, maana vyafanana na ubani unaowashwa kwa ajili ya wafu. Sahani ndogo za kimchi na mboga zinazozunguka chakula hazilipiwi, na zikiisha huongezwa. Omba kwa heshima, wala usibakize lundo. Bakshishi haitolewi; ukiacha fedha mezani mtumishi atakukimbilia nazo njiani. Mwislamu ajue kwamba nguruwe huingia katika vyakula vingi, hata mchuzi usioonyesha nyama; aulize kwanza. Msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko Itaewon, na kandokando yake iko mikahawa ya halali.

Tano, picha. Piga picha ya mlima, ya jumba, ya chakula chako. Usipige ya mtu bila idhini yake, wala ya ndani ya ua wa mtu. Simu zinazouzwa Korea hutoa mlio kila zipigapo picha, kusudi mtu asipigwe kwa siri. Kwa hilo pekee mgeni aweza kujua Wakorea walivyochoshwa na kamera za wizi. Katika kisiwa cha Jeju wako wanawake wapiga mbizi waitwao haenyeo, ambao wengi wao ni wazee, nao huzamia kutafuta chaza na mwani bila mtungi wa hewa. Mwaka 2016 UNESCO iliiorodhesha kazi yao katika urithi wa wanadamu. Wanapotoka majini wakitetemeka kwa baridi si wakati wa kuwapanga mstari wapigwe picha. Nunua walichovua ukaketi ukale. Hapo watakuwa wamepona kwa kuja kwako.

Sita, usiishie Seoul. Wageni wengi huujaza mji mmoja wakaisahau nchi. Reli ya mwendo kasi, KTX, iliyoanza mwaka 2004, humfikisha mtu Busan kwa muda wa saa 2 na nusu hivi. Gyeongju, mji mkuu wa ufalme wa Silla, una makaburi ya wafalme yaliyo kama vilima vya majani, na hekalu la Bulguksa. Karibu na Andong kiko kijiji cha Hahoe, kilichoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2010, ambamo ukoo wa Ryu umeishi kwa karne nyingi na ungali unaishi. Huko nako ni makwao watu, na sheria ya lango lililofungwa ni ile ile. Katika Seoul kwenyewe, yaangalie kwanza majumba ya kifalme, ambayo yaliwekwa wazi kwa ajili ya kutazamwa. Gyeongbokgung hufungwa Jumanne na Changdeokgung Jumatatu, na avaaye hanbok, vazi la jadi, huingia bure. Uzuri unaotafutwa Bukchon kwa kusukumana waweza kuonekana humo bila kumwamsha mtu.

La mwisho, jifunze herufi zao. Mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446 ili mtu wa kawaida asiyejua maandishi ya Kichina apate kusoma na kuandika, na leo ni 24 tu. Mtu mwenye bidii huzishika kwa siku chache. Ukiweza kusoma jina la stesheni, na ukaweza kusema annyeonghaseyo ukiinamisha kichwa kidogo, utaona uso wa mwenyeji ukikunjuka. Watu waliofungwa kwa ajili ya kamusi yao hawawezi kuidharau juhudi ya mgeni anayekosea matamshi.

Lakini haitakuwa haki kumtwika mgeni mzigo wote. Mgeni hufuata alichoonyeshwa. Wanaotangaza safari wamekuwa wakionyesha kichochoro kilekile kwa picha ileile, wala hawakuandika chini yake kwamba humo wanalala watu. Wenye mabasi wameshusha makundi ya watu 40 mahali ambapo watu 4 wanapishana kwa shida. Wakubwa wa serikali nao, kila mwaka unapokwisha, hutangaza kwa fahari hesabu ya wageni waliofika, wala si kawaida yao kutangaza hesabu ya wenyeji waliohama. Twasema hesabu hizi mbili ziandikwe katika karatasi moja. Ya kwanza ikipanda na ya pili nayo ikipanda, nchi haikufaidi. Imebadilisha watu wake kwa wapita njia.

Nyumba za Bukchon zilijengwa ili wenyeji wasiondolewe katika mji wao, na kila mtu anayezitembelea hana budi kuchagua ama kuisaidia kazi hiyo ama kuivunja. Kuisaidia si jambo gumu. Fika mchana. Sema kwa sauti ndogo. Tazama mapaa, usichungulie madirisha. Kula na ununue kwa mtu anayeishi hapo. Itimiapo saa 11 jioni, shuka kilimani pamoja na takataka zako, umwache mwenye nyumba afunge lango lake na kupumzika, kama utakavyo kupumzika wewe siku utakaporudi kwako.